Kujifunza Kiswidi peke yako: kozi inayopitia Kiingereza itakulipisha mara mbili

Kila mara jamaa ya Wakongomani inapopata habari kwamba dosie yake imekubaliwa na Uswidi, nchi ambayo wengi hapa kwetu tunaiita Suède, maswali ni mawili: baridi na lugha. La baridi linapata jibu haraka, mtu anatafuta koti. La lugha ndilo linasumbua. Vijana wanafungua simu, wanapakua programu ya kwanza wanayoiona, na baada ya wiki chache wengi wanaiacha. Wazee wanajiambia kwamba Kiswidi kimewashinda hata kabla hawajakijaribu. Kwa maoni yangu, mara nyingi ubaya hauko katika lugha ile, wala katika akili ya mwanafunzi. Kozi aliyoishika haikuandaliwa kwa mtu kama yeye, ndiyo sababu.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2018 hadi 2022, Uswidi ilikuwa imetenga nafasi 5,000 kwa mwaka kwa wakimbizi wanaopendekezwa na UNHCR, na Wakongomani waliokuwa makambini katika nchi jirani walikuwa kati ya waliopokelewa. Kuanzia mwaka 2023 nafasi hizo zilishushwa hadi 900. Wengine wanakwenda kwa njia ya kuungana na jamaa, wengine kwa masomo. Kwa vyovyote, anayepata njia hiyo leo amepata kitu adimu, na miezi au miaka anayongojea safari ni wakati ambao hautarudi.

Kuna watakaosema: kwa nini kuhangaika mapema? Kule kuna masomo ya bure. Ni kweli. Kila wilaya ya Uswidi inapaswa kuwapa wahamiaji watu wazima masomo ya lugha bila malipo, yanayoitwa SFI, ni kusema Kiswidi kwa ajili ya wahamiaji. Yana ngazi nne, A, B, C na D, na njia tatu za kusomea: ya kwanza kwa aliyesoma kidogo sana, ya tatu kwa aliyezoea masomo marefu. Anayefika anapimwa, halafu anawekwa mahali pake. Lakini hapo ndipo faida ya kuanza mapema inapoonekana. Aliyekwisha kuzoesha sikio lake na kujua maneno mia chache anaingia darasani akisikia kitu. Mwenzake anaanza na kelele tupu, huku akijifunza pia basi, benki, barua za serikali na shule ya watoto kwa wakati ule ule.

Wengine watasema Waswidi wote wanajua Kiingereza. Wengi wao wanakijua vizuri, sawa. Lakini barua za ofisi ya kodi na za bima ya jamii zinaandikwa kwa Kiswidi. Mikutano ya wazazi shuleni inafanyika kwa Kiswidi. Muuguzi au daktari aliyesomea ngambo, akitaka ruhusa ya kufanya kazi yake kule, anaombwa kuonyesha Kiswidi cha ngazi ya C1, ambayo ni ya juu sana. Tena, wangapi kati yetu sisi watu wa Kivu, Ituri au Maniema tunazungumza Kiingereza hicho wanachotuambia kitatosha?

Kuna pia jambo ambalo halina hesabu ya pesa. Watoto wanashika lugha mbio. Mzazi akibaki nyuma, mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye anampigia simu 1177, namba ambayo watu wa Uswidi wanaitumia kuomba shauri la afya, ili aeleze ugonjwa wa mama yake. Yeye ndiye anasoma barua ya deni. Yeye ndiye anatafsiri maneno ya mwalimu wakati mwalimu analalamika juu yake mwenyewe. Nyumba ya namna hiyo inapinduka, na papa anakuwa mtoto ndani yake. Ndiyo maana naona kuchagua kozi ni jambo la heshima ya jamaa.

Kozi inakueleza kwa lugha gani?

Hilo ndilo swali la kwanza, na ndilo watu wanalisahau. Programu nyingi zinazojulikana zinafundisha Kiswidi kupitia Kiingereza. Kozi ya Kiswidi ya Duolingo iliandaliwa kwanza kwa wenye kujua Kiingereza. Kozi ya bure ya mtandaoni ya Svenska institutet, taasisi ya serikali ya Uswidi, inaeleza sarufi yake kwa Kiingereza. Ni kazi nzuri, sizipingi. Lakini Mkongomani aliyesoma shule kwa Kifaransa, na ambaye anawaza kwa Kiswahili, anapofungua kozi hiyo anabeba mizigo miwili. Kila sentensi ya Kiswidi anaipitisha kwanza kwa Kiingereza ambacho hakijui vema, halafu anaileta kwake. Akikosea, hajui amekosea wapi: Kiswidi au Kiingereza? Baada ya mwezi anasema Kiswidi ni kigumu, wakati kilichomchosha ni Kiingereza.

Kwa hiyo, kama Kiingereza chako ni kidogo, tafuta kozi yenye maelezo kwa Kifaransa. Zipo. Nyumba ya vitabu ya Assimil, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1929, ina kitabu cha Kiswidi kwa wasomaji wa Kifaransa, pamoja na sauti zake. Namna yake ni nyepesi kwa mtu anayejifunza peke yake: kila siku mazungumzo mafupi, unasikiliza, unasoma tafsiri upande wa pili, unarudia kwa sauti. Ukifika kama katikati ya kitabu, unarudi somo la kwanza na kuanza kugeuza Kifaransa kuwa Kiswidi wewe mwenyewe. Si kitabu cha bei ya chini. Lakini watu wanne au watano wakichanga pesa na kusoma pamoja, gharama inagawanyika, na kila mmoja anapata mtu wa kuzungumza naye.

Tofautisha pia kitabu cha darasa na kitabu cha mtu peke yake. Rivstart, kwa mfano, ni kitabu kinachotumika sana katika kufundisha Kiswidi kwa watu wazima, lakini kimeandikwa chote kwa Kiswidi, toka ukurasa wa kwanza. Mbele ya mwalimu ni kizuri. Kwa anayeanza bila mwalimu, jioni, chini ya taa ya simu, ni ukuta. Kingojee mpaka uwe na msingi.

Kuna sauti, na inabaki kwenye simu?

Kiswidi hakisomwi kwa macho tu. Kiswahili kina vokali tano. Kiswidi kina herufi tisa za vokali, zikiwemo å, ä na ö, na kila moja inaweza kuvutwa au kukatwa. Kuvuta huko kunabadili maana. Tak yenye a ndefu ni paa la nyumba. Tack yenye a fupi ni asante. Glas ni bilauri. Glass ni krimu ya barafu. Ful ni mwenye sura mbaya. Full ni mlevi. Neno köpa maana yake ni kununua, lakini k yake inasikika karibu kama sh yetu. Anayesoma bila kusikia atasema «kopa», na sote tunajua kwamba kukopa na kununua ni mambo mawili.

Kitabu kisicho na sauti, hata kikiwa cha bure, kiache. Na hapa kwetu lazima kuongeza sharti lingine: sauti hizo ziweze kupakuliwa. Kozi ambayo kila zoezi linadai intaneti inafaa kwa mtu wa Stockholm. Mtu wa Uvira au Butembo ananunua mega kidogo kidogo, na umeme unakuja unapotaka. Chagua kozi ambayo unapakua mara moja, unaweka sauti kwenye kadi ya memori, kisha unasikiliza mwezi mzima bila kulipa tena, ukipika, ukitembea, ukingoja foleni ya maji.

Inakufundisha maneno pamoja na ngeli yake?

Hapa mwenye Kiswahili ana bahati ambayo hakuna anayemwambia. Kiswidi kinagawa majina yake makundi mawili: ya en na ya ett. En bok, kitabu. Ett hus, nyumba. Kundi la jina linabadili sifa inayolifuata: en stor bok, lakini ett stort hus. Mzungumzaji wa Kiingereza anashangaa na kulalamika. Sisi tunasema kitabu kikubwa, mti mkubwa, gari kubwa, na hatuoni ajabu yoyote. Jina linavuta sifa. Tumezaliwa ndani ya mambo hayo. Kiswidi kina makundi mawili tu, wakati sisi tunayo mengi. Kwa hiyo kozi nzuri ni ile inayokupa kila jina na kundi lake, en bok wala si bok peke yake. Ikikupa orodha ya maneno matupu, utalazimika kuyajifunza tena baadaye.

Kuna bahati nyingine. Kitenzi cha Kiswidi hakibadiliki kwa kumfuata mtu: jag arbetar, du arbetar, vi arbetar, nafanya kazi, unafanya kazi, tunafanya kazi, arbetar ni ile ile. Aliyeteswa na vitenzi vya Kifaransa shuleni atapumua. Na Kifaransa hicho hicho kitamsaidia upande mwingine. Y ya Kiswidi iko karibu na u ya neno «lune», na ö iko karibu na eu ya «peu». Zaidi ya hayo, Waswidi walikopa maneno mengi kwa Wafaransa, hasa katika karne ya 18: paraply ni mwamvuli, trottoar ni njia ya waendao kwa miguu, fåtölj ni kile kiti cha «fauteuil», byrå ni «bureau». Hata jamaa ya kifalme ya Uswidi inatoka kwa jemadari Mfaransa, Jean-Baptiste Bernadotte, aliyekuwa mfalme mwaka 1818. Kozi ya Kifaransa inakuonyesha daraja hilo. Kozi ya Kiingereza inakupitisha mbali nalo.

Hata muziki wa Kiswidi usikuogopeshe. Lugha ile inapandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na mara nyingine jambo hilo linatenganisha maana: anden kwa wimbo mmoja ni bata, kwa wimbo mwingine ni roho. Wageni wengi wanaliona kama uchawi. Mwenye Mashi, Kilega, Kinande au Kibembe nyumbani amezoea tangu utoto kwamba sauti ya juu na ya chini si mapambo. Sikio lake limekwisha kuandaliwa.

Lakini tusijidanganye, kuna mahali tutajikwaa. Katika Kiswidi, kitenzi cha sentensi kinakaa nafasi ya pili. Jag arbetar i dag, nafanya kazi leo. Ukianza na leo, mtenda anahamia nyuma ya kitenzi: I dag arbetar jag. Kiswahili hakifanyi hivyo, Kifaransa cha kila siku vilevile. Kozi isiyokupa mazoezi mengi ya jambo hilo itakuacha unazungumza Kiswidi kilichovaa nguo za Kiswahili. Tena, «kile» cha Kiswidi kinashikamana na mkia wa jina: bok, kitabu, boken, kile kitabu, hus, huset. Mazoezi ya kuandika ndiyo dawa, wala si kubonyeza picha.

Ni ya mwaka gani?

Angalia umri wa kitabu. Vitabu vya zamani vinavyozunguka mtandaoni bila malipo vinaweza kukufundisha kumwita mkubwa Ni, kama «vous» ya Kifaransa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Waswidi waliacha desturi hiyo. Leo karibu kila mtu ni du, na mwalimu au daktari anaitwa kwa jina lake la kwanza. Kwetu sisi, tuliofundishwa kusema papa, mama, na kuinamisha kichwa kidogo mbele ya mkubwa, jambo hilo ni zito kuliko sarufi. Kozi nzuri inalieleza mapema, ili mtu asifikiri kwamba anadharauliwa, au kwamba amekosa adabu.

Tahadhari na wauza ahadi

Nilitamani niishie hapo, lakini kuna biashara inayohitaji kutajwa. Mahali ambapo watu wengi wanangojea safari, hawakosekani wanaouza «Kiswidi kwa siku 30» pamoja na cheti kinachodaiwa kusukuma dosie mbele. Hakuna mtu mzima anayeshika lugha kwa siku 30. Na huduma za UNHCR ni za bure. Nafasi ya kwenda ngambo haiuzwi, wala hainunuliwi kwa cheti cha mtaani. Mitihani yenye thamani inajulikana: Swedex inapima ngazi za A2, B1 na B2, na TISUS ni ya wanaotaka kuingia chuo kikuu. Mtu akikuuzia cheti kingine chenye mhuri mzuri, pesa hiyo ingekununulia kitabu na mega za miezi kadhaa.

Tena, vyombo vizuri vya bure si haba kwa aliyekwisha pata msingi. Gazeti 8 Sidor, lililoanza mwaka 1984, linaandika habari kwa Kiswidi chepesi, na unaweza kuzisikiliza pia. Redio ya taifa, Sveriges Radio, nayo ina habari kwa Kiswidi chepesi. Kamusi ya Lexin, iliyotengenezwa kwa ajili ya wahamiaji, ina matamshi na picha za mambo ya kila siku: nyumba, mwili, nguo, chakula. Lakini vyombo hivyo ni vya kuongezea tu. Usidhani kwamba kusikiliza habari kutachukua nafasi ya kozi.

Na sisi tuna deni

Kamusi hiyo ya Lexin imeandaliwa kwa Kisomali, kwa Kitigrinya, kwa Kiamhara. Msomali anakuta neno la Kiswidi limeelezwa kwa lugha ya mama yake. Waswahili tuko nyuma katika jambo hili, na sioni sababu ya kuendelea hivyo.

Uhusiano wetu na Uswidi si wa jana. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika upande huu wa Kivu kunako mwaka 1921. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilisaidiwa na Waswidi. Kule magharibi mwa nchi, Mswidi Karl Edvard Laman alifika mwaka 1891, akakaa kati ya Wakongo zaidi ya miaka 20, na mwaka 1936 kamusi yake kubwa ya Kikongo na Kifaransa ikachapishwa. Waswidi walipotaka kusikilizana nasi, walikaa chini, wakaandika vitabu vya lugha zetu. Nani kati yetu ameandika cha kwao kwa Kiswahili?

Watu wa kufanya kazi hiyo wako. Kuna Wakongomani waliokwisha kaa Uswidi miaka mingi, walioanza na ngazi ya A na leo wanafanya kazi katika hospitali, katika mabasi, katika shule. Wanazijua lugha zote mbili. Wanajua ni neno gani lilihitajika siku ya kwanza na ni kosa gani linatuchekesha mbele ya watu. Masomo thelathini tu, ya dakika kumi kila moja, yakirekodiwa kwa Kiswahili safi na sauti ya Mswidi mmoja, yangetosha kuwafungulia mlango wazee ambao hakuna kozi ya Kiingereza itakayowafikia. Vyama vya Wakongomani kule, na makanisa yenye undugu wa zamani na kule, yanaweza kubeba jambo hilo bila kungoja serikali yoyote.

Kabla ya hapo, ndugu msomaji, fanya hivi. Usilipe kitu kabla ya kuona somo la kwanza na la tano. Soma maelezo yake: unayaelewa bila kutafuta mtu wa kukutafsiria? Sikiliza sauti: unaweza kuipakua? Tazama orodha ya maneno: yana en na ett? Tazama mazoezi: yanakulazimisha kutunga sentensi? Kozi ikipita hapo, ishike hiyo hiyo, nusu saa kila siku, mpaka mwisho wake, na usiiache kwa sababu jirani amepata nyingine yenye rangi nzuri. Na unapojifunza, mwite na mke wako, mwite na mzee wako, warudie pamoja nawe kwa sauti. Mtoto atajifunza tu. Hao ndio wenye kuhitaji kuanza leo.